Kona za Kushoto

7 Februari 1993

Kaka,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo wake unaendeleaje na ile cherehani ya kukanyaga? Mwambie bado naivaa sketi aliyonishonea, ila siku hizi zipu yake na mimi hatuelewani. Huku sisi wazima. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo nyumba nzima inaamka na kengele yake, mtu apende asipende.

Sasa tuje kwenye kazi. Bomba lako la kadibodi limefika, na ndani yake mabango ya Baba, lakini yamejikunja mno. Niliyalaza kwenye meza ya duka nikayawekea pasi, sufuria na kamusi. Nikiinua kimoja tu, karatasi inaruka na kujiviringisha upya. Na karatasi ya zamani ukiilazimisha inalia, na pale ilipolia pana ufa. Bwana Glovu alisimama akitazama, akaondoka mikono mitupu. Ndiye yule mnunuzi niliyekusimulia, mstaafu wa reli anayekusanya mabango ya sinema. Jina hilo tumempa kwa sababu hagusi karatasi mpaka avae glovu nyeupe.

Kwa hiyo mabomba basi. Tutume bapa. Tafuta boksi la friji, ukate vipande viwili, kila kimoja kizidi bango kwa vidole vinne kila upande. Kipande kimoja mistari yake ya ndani isimame wima, kingine ilale, hapo hata mtu wa posta akikikalia hakipindi. Bango liingie kwanza kwenye nailoni safi dhidi ya mvua. Kisha kila kona ivishwe kibahasha cha karatasi, na kibahasha ndicho kigundishwe kwenye boksi. Selotepu isiguse bango hata kwa bahati mbaya.

Najua hupendi. Siku tulipogawana vitu vya Baba ulisema bora mchwa wayale kuliko yaende ukutani kwa watu tusiowajua. Lakini mchwa wameanza kweli, kaka, na Baba hakukaa miaka yote ile kwenye chumba cha mashine pale sinema, akiyakusanya moja moja, ili yawe chakula cha wadudu.

Nasubiri.

Mdogo wako

*

3 Machi 1993

Kifungo, mdogo wangu,

Nilidhani nina dada, kumbe nina bosi. Barua yako nimeisoma nimesimama, kama ninavyosoma matangazo ya mwalimu mkuu.

Sisi wazima. Wifi yako ana oda ya sare za darasa zima, vitambaa vimejaa mpaka kitandani, juzi nimeamka na kola imenibandika shavuni. Basi langu la shule linakwenda vizuri. Watoto wananiita Dereva Babu, na mimi sijafika hata sitini. Kuna kakikundi ka darasa la kwanza kanakaa nyuma yangu kakinihesabia gia. Nikikosea wananizomea.

Boksi la friji nimelipata kwa muuza vyombo vya umeme. Nimekata kama ulivyoamuru, kimoja wima, kimoja mlalo. Nimelijaribu kwenye goti, halipindi. Meza ya chakula tumeifanya karakana, wifi yako analalamika kwamba anakula ugenini ndani ya nyumba yake. Vibahasha vya kona nimevikata mwenyewe kutoka karatasi ya madaftari mapya, vinne kwa kila bango, na vidole vyangu vya udereva viliona haya kwa kazi ndogo hivyo.

Nimetuma mabango mawili, la yule bondia na la wale wacheza dansi. Lile la mwanamke mwenye farasi usiniulize. Unajua Baba alilitundika wapi, juu ya kitanda chake.

Shemeji msalimie, mwambie kengele aifunge soksi.

Kaka yako

*

4 Aprili 1993

Kaka,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Wifi amemaliza sare? Huku baridi imepungua, na shemeji yako amejaribu ile ya soksi. Siku ya kwanza tu akachelewa kazini, sasa amenirudishia kengele kwa kisasi.

Mzigo umefika, na nilipoufungua nilipiga makofi peke yangu dukani. Umenyooka kama kioo! Bwana Glovu alivaa glovu zake, akaizunguka meza mara mbili, akasema, "Huyu kaka yako anaweza kufunga hata yai likapanda meli."

Jambo moja dogo. Bango la bondia, kona ya chini kushoto, kibahasha hakikuikamata. Kimebandikwa pembeni kidogo, kona imejipinda. Si kitu, nimeinyoosha kwa uzito wa vitabu. Angalia tu mara nyingine.

Na kuhusu mwanamke mwenye farasi, silazimishi. Nasema tu kwamba Bwana Glovu ameliuliza, maana nilimwonyesha picha yake, na tangu siku hiyo kila akija anaangalia nyuma ya mlango wa duka kana kwamba nimelificha hapo.

Mdogo wako

*

9 Mei 1993

Kifungo,

Samahani kwa kuchelewa. Hapa mambo ni hivi na vile.

Wifi yako haongei nami vizuri. Ananusa mdomo wangu nikiingia. Unajua niliiacha pombe tangu mwaka ule unaoujua, na yeye ndiye shahidi wangu. Lakini wiki iliyopita nilimimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagikia sare zilizopigwa pasi. Kisha bega langu likagonga fremu ya mlango wa chumbani, mlango ninaoupita tangu utoto. Akasema, "Mume wangu, sema ukweli, umerudia?" Nikamwambia hapana. Akarudi kukunja sare zake. Afadhali angefoka.

Hata jirani amenuna. Anasema alinisalimia kibarazani nikampita kama mti. Sikumwona, mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni pangu bila kukohoa.

Na nguzo ya geti la shule imelikwaruza basi. Mimi nasema nguzo imelikwaruza basi, mwalimu mkuu anasema basi limeikwaruza nguzo. Tumeachia hapo. Watoto walishangilia, walidhani ni mchezo.

Nimetuma mabango matatu. Nimeangalia kona kama ulivyosema.

Kaka

*

13 Juni 1993

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi. Nasikitika kwa hayo ya nyumbani. Nakuamini kuhusu pombe. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma yaliyobaki.

Mabango matatu yamefika, na matatu yote yameharibika. Moja halina kibahasha kabisa upande mmoja, limeteleza ndani ya boksi njia nzima likipigapiga ukingo mpaka limekatika meno meno. La pili umeligundisha kwa selotepu juu ya karatasi yenyewe, kaka, juu ya rangi! Nilipojaribu kuibandua iliondoka na kidole cha mwigizaji. La tatu boksi la chini ni dogo kuliko bango, limechungulia nje upande mmoja na mvua imeingia.

Nimekaa nikawaza vibaya, na sitakuficha nilichowaza. Mtu aliyefunga ule mzigo wa Machi anajua kufunga. Mtu huyohuyo hawezi kusahau ghafla. Wewe hukutaka mabango ya Baba yauzwe. Kama umeamua kunionyesha hasira kwa njia hii, nionyeshe kwa mdomo. Niandikie, nitukane, lakini usiyaumize yale makaratasi. Baba alikuwa akiyashika kama watoto wachanga.

Kama nimekosea, niambie nimekosea wapi.

Mdogo wako

*

11 Julai 1993

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima.

Sijawahi kuharibu kitu cha Baba kwa makusudi. Kama huamini, basi.

Nakutumia mwanamke mwenye farasi. Nimemtoa ukutani mwenyewe. Nimemfunga, nikafungua, nikafunga tena, na kila kona nimeipapasa kwa vidole. Boksi nimeliongezea ubao mwembamba nje. Wifi yako alisimama mlangoni akinitazama, akaniuliza kwa nini naupapasa mzigo kama mtu anayetafuta kiberiti gizani na taa inawaka. Nikamwambia anipishe.

Mzigo ukifika salama utajua sikuwa na hasira. Mengine usiniulize.

Kaka

*

SIMU YA MAANDISHI, 7 Agosti 1993

KAKA USIENDESHE BASI. BARUA INAKUJA. NENDA HOSPITALI YA MACHO. DADA YAKO

*

8 Agosti 1993

Kaka yangu,

Leo nisamehe salamu.

Mwanamke mwenye farasi amefika jana. Upande wa kulia umemfunga hata mkono wa mashine usingeweza. Upande wa kushoto kona ya chini ilikuwa uchi. Kibahasha kilikuwepo, kimegundishwa vizuri kabisa, lakini kando ya kona, mahali pasipo na kitu. Karatasi imechanika mpaka kwenye mguu wa farasi.

Nililia. Bwana Glovu alikuwepo, amekuja na glovu zake mfukoni. Hakuzivaa. Akaniuliza, "Yale mengine mabovu unayo bado?" Nikayaleta yote, hata lile la bondia alilokwisha kulikubali, akayapanga mezani, vichwa juu, miguu chini, kama mtu anayetandika shuka.

"Kaka yako anasimama wapi akifunga?" akaniuliza.

"Miguuni mwa bango. Ndivyo nilivyomfundisha."

"Basi njoo usimame hapa."

Nikasimama. Akasema, "Kulia kwako tazama. Hata mimi nisingeweza kufunga hivi. Sasa tazama kushoto kwako. Ni kama kafunga mtu mwingine."

Kaka, yote ni kushoto. La bondia kushoto, yale matatu kushoto, na huyu naye kushoto. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikakumbuka chai pembeni ya kikombe. Nikakumbuka bega na fremu ya mlango. Jirani alikuwa ubavu gani? Nguzo ya geti iko upande gani ukitoka? Usinijibu, nimeshajua.

Nilikuandikia maneno mabaya mwezi wa sita. Nayarudisha yote. Hukuwa na hasira na Baba wala na mimi. Huoni, kaka. Funga jicho la kulia, utazame mbele, halafu niambie unaona nini.

Nadhani ulishalifunga zamani. Nadhani ndiyo maana unapapasa.

Sasa sikia. Mabango yaache yaliwe, sitaki tena hata moja. Mlango wa basi lako uko kushoto. Watoto wanashukia kushoto. Najua kazi hiyo ndiyo heshima yako pale mtaani, najua ukiiacha utakaa kibarazani watu wakikuuliza kulikoni. Kaa kibarazani. Wajibu chochote. Lakini kesho usiwashe lile gari.

Ukinyamaza nitamwandikia mwalimu mkuu. Nakuambia mapema ili usiseme sikukuambia.

Mimi, mdogo wako

*

5 Septemba 1993

Kaka,

Sijapata jibu. Sijui kama umeugua, umekasirika au barua imepotea. Nimepiga simu pale duka la vyombo vya umeme. Muuzaji akasema, "Dereva Babu? Yuko, amepita hapa asubuhi na basi lake." Nilikata simu bila kuaga.

Leo nimemwandikia mwalimu mkuu. Barua zote mbili nazipeleka posta pamoja. Utanichukia. Sawa.

Mdogo wako

*

26 Septemba 1993

Kifungo,

Habari za huko? Shemeji yangu hajambo? Sisi tupo. Wifi yako amekaa karibu nami hapa anapekua vitambaa, na mara hii ameniambia nikusalimie kabla sijaandika kitu kingine.

Simu yako ya maandishi niliipokea. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati na kuondoka kwenda kazini. Shule zilikuwa likizo, nikajiambia ninapeleka basi gereji tu. Barua yako ilipokuja niliisoma chooni, mahali ambapo hakuna wa kuniuliza. Ndiyo, nilishalifunga jicho la kulia. Tangu mwezi wa tatu. Nikilifunga, dunia inabaki kama mtu amening'iniza blanketi zito mbele yangu, na kwa juu pembeni pana upenyo wa mwanga. Nilijiambia ni uchovu. Kisha nikajiambia ni miwani. Kisha nikaacha kujiambia.

Shule ikafunguliwa, nikawasha gari. Nataka ujue hivyo hivyo ilivyokuwa, bila kupunguza. Niliwasha.

Ilikuwa mchana, narudisha watoto. Nikasimama kituo cha sokoni, matroni akafungua mlango, wakashuka wawili, mlango ukafungwa. Nikaangalia kioo cha kushoto. Nakuapia Kifungo, niliangalia. Kioo kilikuwa kitupu. Nikaachia klachi.

Nikasikia bati linapigwa kwa viganja na matroni anapiga yowe, "Dereva! Dereva!" Nikakanyaga breki mpaka watoto wote wakaja mbele. Kisha kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile ndani ya basi lenye watoto.

Niliteremka, nikazunguka. Yule mdogo wa darasa la kwanza, mmoja wa wale wanaonihesabia gia, alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto. Chupa yake ya maji ilikuwa imebingirika, ameifuata. Kati ya gurudumu na mgongo wake usingepitisha mkono. Akainuka, akaipangusa chupa kwa sketi, akaniambia, "Nimeipata."

Basi. Hakujua lolote. Akaenda zake kwa mama yake.

Nilimwomba matroni wale watoto wasishuke. Nikaingia duka la jirani nikapiga simu shule waje na dereva mwingine. Alipokuja nikatembea kwa miguu mpaka ofisini, nikamwambia mwalimu mkuu kwa mdomo wangu, "Jicho la kushoto halioni, na nimelijua hilo tangu mwezi wa tatu." Akasema, "Na watoto wangu umewabeba muda wote huo?" Nikaweka ufunguo mezani.

Nyumbani nilimwambia wifi yako. Alikaa chini palepale juu ya vitambaa akalia. Anasema analia kwa sababu aliniita mlevi. Nilimwambia afadhali ningekuwa mlevi, ningeacha.

Halafu juzi mwalimu mkuu akaniita. Ana barua mkononi. "Umeisoma hii?" Nikamwambia sijaisoma, lakini mwandiko huo naujua, ni wa dada yangu. Nilikasirika sana. Uliandika nyuma ya mgongo wangu, kwa mtu aliyeniajiri, kana kwamba mimi ni mwizi. Kutwa nzima nilikuwa natunga maneno ya kukujibu. Kisha nikafikiri, je, kama barua hiyo ingefika kabla? Yule mtoto asingechuchumaa pale. Toka hapo maneno yote niliyotunga yameniishia. Shukrani siwezi kukupa bado. Lawama pia siwezi. Uchukue hivyo hivyo.

Hospitali nimekwenda. Ni presha ya macho. Daktari ni binti mdogo, anaongea polepole. Anasema ugonjwa huu hauumi, unaanza pembeni na kuingia ndani kimyakimya, na mwenye nao huona mwisho kabisa. Kilichokwenda hakirudi. Jicho la kulia limeanza kuguswa lakini linaweza kubaki nikitia dawa asubuhi na jioni, maisha yangu yote. Wifi yako ndiye anayenitia, ananishika kidevu kama kuku anayenyweshwa maji.

Kisha daktari akaniuliza, "Una ndugu wa tumbo moja?" Nikamwambia ninaye mmoja, mdogo wangu. "Na wazazi, kuna aliyepata shida ya macho?" Nikasema hapana, Baba alikufa anaona. Kisha nikakumbuka. Kifungo, unakumbuka Baba miaka ile ya mwisho alivyokuwa anatembea na kiganja ukutani? Ukuta wa korido ulikuwa na mstari wa uchafu wa mkono wake. Tulisema uzee.

Daktari ameandika kwenye karatasi yangu kwamba ndugu apimwe. Apimwe mapema, kabla hajaona dalili, maana akiona dalili amechelewa.

Wewe uliniandikia kwa ukali kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watoto. Mimi sina watoto wa kukutishia nao. Nakuomba tu. Nenda.

Kaka yako

*

20 Oktoba 1993

Kaka,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Ukiona mistari imepanda mlima usishangae, wamenitia dawa ya kupanua mboni na karatasi inaniyeyukia. Shemeji yako yupo hapa, amekosa zamu, amekaa ameshikilia mkoba wangu kama bibi harusi. Anawasalimu. Wifi mshukuru kwa niaba yangu, na mwambie akutie dawa hata ukigoma.

Lawama yako naipokea, na shukrani nitaisubiri. Ile barua ningeiandika tena.

Mabango hayanishughulishi sasa. Bwana Glovu amekuja mara mbili, hajauliza bango, anauliza habari zako. Mwanamke mwenye farasi nimemtundika sebuleni na mguu wake uliochanika. Hauzwi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuandikia. Siku ile ya Agosti, nilipokuambia ufunge jicho la kulia utazame mbele, kalamu niliiweka chini kwanza. Nikajipima mwenyewe, palepale kwenye kiti cha wateja. Nikafunga la kulia. Kisha nikafunga la kushoto. Nikafanya hivyo tena na tena, nikitazama ile rafu ya mwisho dukani, na kila nikifunga la kulia ukingo wake unapotea.

Kisha nikachukua kalamu nikaendelea kukufokea wewe.

Tangu Agosti, kaka. Nilikutumia simu ya maandishi, nikamwandikia mwalimu mkuu, nikapiga simu dukani, na mimi mwenyewe sikuvuka barabara kuja hospitali hii. Nilijiambia mimi sina basi. Hata shemeji yako nimemwambia juzi tu, baada ya kumsomea barua yako. Akainuka akaenda kutafuta viatu vyangu.

Naogopa. Sikujua kama wewe ulikuwa unaogopa hivi miezi yote ile, huku ukikata vibahasha vya karatasi.

Mbele yangu wamebaki watu wawili. Sasa mmoja. Muuguzi amefungua mlango na anaita jina la Baba, maana hapa wanatuita kwa majina ya mwisho. Ameliita vibaya, lakini ni lake.

Nakwenda.